Picha ya yule Mzungu anayeruka toka ukutani: ni Zen, au ni judo tu? Watu wa brashi na watu wa mkeka karibuni

FundiBrashi #1

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi wa maandishi na michoro ya ukutani hapa Dar. Daladala, saluni, bucha, chekechea, kote nimepaka. Jioni nikishaosha brashi naenda judo, mwaka wa sita sasa, mkanda wa kahawia. Nimeanza na hilo ili mjue nina ushahidi wa pande zote mbili.

Wiki iliyopita mwenye gym moja (jina kapuni) aliniita anipe ukuta. Futi kumi na mbili kwa tisa. Katoa simu, kanionyesha picha anayoitaka: mwanamume ndani ya suti ameruka toka juu ya ukuta wa nyumba, mikono ameitanua, kifua mbele, uso ameuinua kama anayeitwa na mtu aliyeko mawinguni. Chini yake lami. Mbele kidogo kuna mtu na baiskeli anajiendea zake, hana habari kwamba nyuma yake kuna binadamu angani. Chini ya picha bosi anataka neno moja, herufi za futi nzima: ZEN, ile njia ya Wabuddha wa Japani ya kukaa kimya na kutafakari.

Nikamwambia bosi, picha nitachora, ila neno hilo hapo si mahali pake. Akaniuliza nani analipa. Kianzio nimeshakila, kwa hiyo nina siku chache za kumshawishi au kunyamaza. Ndiyo nimekuja kwenu.

Aliyeruka anaitwa Yves Klein. Kazaliwa Nice, Ufaransa, 1928, baba mchoraji, mama mchoraji, lakini alichokishika kwanza kwa mikono miwili ni judo. Mwaka 1947, akiwa na miaka 19, aliingia kwenye mazoezi yaliyokuwa yanafanyika makao ya polisi pale Nice. Hapo akakutana na Claude Pascal na Armand Fernandez, ambaye baadaye alijulikana kama Arman, mchongaji mkubwa tu. Siku moja wamelala ufukweni, vijana watatu hawana hata senti, wakagawana ulimwengu. Klein akachukua anga. Akasema hiyo bluu yote ya juu ni mchoro wake wa kwanza na ameshautia saini.

Mwaka 1952 akapanda meli mpaka Japani, akajiunga na Kodokan, makao makuu ya judo Tokyo. Desemba 1953 akatoka na dani ya nne, yaani ngazi ya nne ya mkanda mweusi. Wenye mkeka mnajua hiyo ni nini; miaka ile Wazungu wenye cheo hicho toka Kodokan walikuwa wa kuhesabu. Karudi Ufaransa 1954, shirikisho la judo la kwao likakataa kumtambua. Akaenda kufundisha Madrid. Mwaka huohuo kitabu chake cha kata za judo (mazoezi ya hatua zilizopangwa), kimejaa picha za mnato, kikachapishwa Paris. 1955 akafungua shule yake ya judo Paris, haikukaa, 1956 ikafungwa. Baada ya hapo ndipo rangi ilipomchukua mzima mzima. Januari 1957 alionyesha Milan mbao kumi na moja, zote buluu, zote kipimo kimoja, hamna mti wala mtu. Juni 1962 moyo ukasimama. Miaka 34.

Sasa hoja yangu. Watu wakimwona huyu wanasema Zen, Zen, Zen. Ukimya, utupu, hekima za Mashariki. Mimi nikiitazama hiyo picha naona kitu kingine kabisa: naona mtu anayejua kuanguka.

Ambaye hajawahi kucheza judo hajui kwamba wiki za kwanza hurushi mtu. Unafundishwa kuanguka, basi. Inaitwa ukemi. Kidevu kifuani, mkono unapiga kofi mkekani sekunde ileile mgongo unapofika, pumzi inatoka, unainuka. Mara mia kwa siku mpaka mwili uache kuiogopa ardhi. Mimi kabla ya judo nilidondoka ngazini nikiandika jina la duka, nikatanguliza mkono, mtulinga ukavunjika, miezi miwili sina kazi. Miaka mitatu baadaye, nikiwa na judo mwilini, jukwaa la mbao likanitupa tena, kimo kilekile. Nilipofumbua macho nimelala ubavu, mkono umeshapiga kofi saruji wenyewe, na kilichomwagika ni ndoo ya rangi tu.

Kwa hiyo nauliza. Hivi alichokichukua Klein Japani na kukiingiza kwenye sanaa ni falsafa ya watawa, au ni mwili uliozoea sakafu? Mimi nipo upande wa sakafu. Karibuni.

MzeeWaSalio #2

Kwenye Zen sijaelewa kitu mkuu ila kwenye kianzio nimeelewa. Ukuta wa futi kumi na mbili kwa tisa siku hizi ni shilingi ngapi? Nimekaa palee, endeleeni.

SenpaiTabata #3

FundiBrashi, uzi mtamu, ila umeparamia.

Mimi ni mtu wa karate, miaka ishirini na kitu. Kila zoezi tunaanza na kumaliza kwa kupiga magoti, macho yamefumbwa, kimya. Hilo si mapambo. Na angalia neno lenyewe. Karate ni mkono mtupu, na ile herufi ya "tupu" Wajapani wanaiandika 空. Sasa herufi hiyohiyo, nukta kwa nukta, ndiyo anga. Anga na utupu ni herufi moja! Huyo Klein wako kwanza kachukua anga, halafu tarehe 28 Aprili 1958, siku aliyotimiza miaka thelathini, kafungua maonyesho Paris kwenye ukumbi wa sanaa wa Iris Clert: chumba kimepakwa rangi nyeupe, ndani hamna kitu. Hamna hata picha moja. Watu walijaa mtaani mpaka polisi na zimamoto wakaja. Mtu aliyeishi Kodokan zaidi ya mwaka anaanza na anga anaishia na utupu, halafu unaniambia ni kuanguka tu?

Pili, hili la upanga na brashi halikuanza na Mzungu. Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa karne ya 17 ambaye wote tumemsikia, alikuwa mchoraji wa wino. Tafuta picha yake ya mbwigu, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa ndoano. Iko makumbusho ya Kuboso, mji wa Izumi, karibu na Osaka. Kitawi kikavu kimoja kimepanda toka chini mpaka juu kwa mpigo mmoja wa brashi, kama upanga unaopandishwa. Kileleni ndege ametulia. Katikati ya kitawi, usipoangalia vizuri humwoni, kuna mdudu anatambaa kupanda juu. Anamfuata ndege, na ndege anangoja. Hapo kuna kila kitu anachofundishwa mtu wa upanga. Na kwenye kitabu chake cha mafunzo ya upanga, sehemu ya tano, ya kufungia, aliiita Utupu. Mkono ni mmoja, kaka. Huwezi kutenga.

FundiBrashi #4

Senpai, mpigo mmoja hata mimi naufanya ubavuni mwa daladala. Herufi ndefu unabana pumzi mpaka ufike mwisho, ukipumua katikati mstari unatikisika. Wala sijawahi kukaa na mtawa. Ila ya 空 umenikamata, sikuijua. Na mdudu nimemtafuta, nimemwona. Dah.

ChimbaChimbua #5

Naomba niingie polepole, maana mnapigana wote mkiwa mmeegemea hadithi ambayo imetengenezwa juzi tu.

Senpai, shikamoo, lakini karate zamani haikuandikwa kwa hiyo 空. Okinawa waliiandika kwa herufi inayosomeka hivyohivyo lakini maana yake ni "ya Kichina", nasaba ya Tang. Mkono wa Kichina. Waliibadilisha miaka ya 1930, na mwaka 1936 walimu walikutana Naha wakalipitisha jina jipya. Wakati huo Japani ilikuwa imeshaanza kuivamia China, jina la Kichina likawa zigo. Kwa hiyo huo utupu una siasa ndani yake.

Judo nayo: Kano Jigoro alianzia Tokyo mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eisho-ji akiwa na mikeka kumi na miwili. Watu wakisikia hekalu wanadandia "Zen". Eisho-ji ni la madhehebu ya Jodo, Wabuddha ambao njia yao ni kuliitia jina la Buddha Amida. Kano mwenyewe alikuwa mtu wa elimu na michezo, mjumbe wa kwanza wa Kamati ya Olimpiki kutoka Asia. Alitaka judo iingie mashuleni.

Sasa nani alizifunga Zen na mapigano fundo moja mpaka Mzungu na Mswahili wote tukaamini? Fundo lenyewe la zamani lipo, sikatai. Mtawa Takuan alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani), kwamba akili ikisimama kwenye upanga wa adui umekufa. Hilo ni la karne ya 17. Lakini lililotufikia sisi lilipita kwa watu wawili. Mmoja ni D.T. Suzuki, Mjapani aliyeandika kwa Kiingereza na kuitangaza Zen Marekani. Mwingine Mjerumani, Eugen Herrigel, aliyefundisha falsafa Sendai miaka ya 1924 mpaka 1929 na kujifunza upinde kwa Awa Kenzo, kisha 1948 akatoa kijitabu kilichosomwa dunia nzima. Umo humo usiku ambao mwalimu anapiga mshale gizani unaingia katikati, wa pili unaupasua wa kwanza. Mtafiti Mjapani, Yamada Shoji, alifukua akakuta Awa hakuwa mtu wa Zen, Kijapani cha Herrigel kilikuwa cha kuombea maji, na Awa alimwambia mwanafunzi wake mwingine kwamba mshale ule wa pili ilikuwa sadfa. Nyongeza: Herrigel aliporudi kwao alijiunga na chama cha Hitler.

Na Klein huyohuyo, ukifungua mifuko yake unakuta nini? Alikuwa mfuasi wa Warosikrusho, kikundi cha imani za siri, akiletewa masomo yao toka California. Alikuwa mcha Mtakatifu Rita wa Cascia, Italia. Mwaka 1961 aliwapelekea masista wa Cascia kisanduku cha plastiki chenye rangi ya unga, buluu, waridi, na dhahabu, pamoja na sala aliyoiandika mwenyewe. Mtu wa kuweka nadhiri huyo, Mkatoliki kabisa. Utupu wake una mlango wa Kikristo mkubwa kuliko wa Kijapani.

Fundi, katika hili niko na wewe: kilichohakikishwa kwa cheti ni mkanda mweusi.

SenpaiTabata #6

Marahaba. Nimesoma. Ya 1936 naijua, sikutaka kuchafua hewa 😅. Ila kubadilisha jina hakumfanyi anayefumba macho leo awe anajifanya.

DadaLenzi #7

Jamani mnabishana kuhusu picha na hakuna aliyeiangalia KAMA PICHA. Mimi ni mpiga picha, niachieni kidogo.

Ilipigwa Oktoba 1960, Fontenay-aux-Roses, nje kidogo ya Paris. Wapigaji ni wawili, Harry Shunk na János Kender. Klein aliruka kweli. Na aliruka zaidi ya mara moja. Chini walikuwepo marafiki zake wa judo wameshika turubai wamelikaza. Halafu wakapiga mtaa uleule ukiwa mtupu, kamera haijasogea. Kwenye chumba cha giza wakachukua nusu ya juu ya picha ya kwanza na nusu ya chini ya picha ya pili, wakaziunga, wakapiga picha ile iliyoungwa ili mshono usionekane. Watu wakafutika, ikabaki lami.

Ushahidi: matoleo yako mawili. Kuna lenye baiskeli na kuna lisilo na baiskeli. Mwili uleule, vidole vilevile, koti limepeperuka vilevile. Ziweke mbili pembeni uone.

Na aliichapisha kwenye gazeti. Alitengeneza gazeti lake mwenyewe la siku moja tu, Jumapili 27 Novemba 1960, lina sura ya gazeti la kawaida la Paris, akalipeleka kwenye vibanda. Kichwa cha habari kinapiga kelele kwamba kuna mtu angani. Gagarin, yule Mrusi wa kwanza kufika anga za juu, alikwenda 12 Aprili 1961, miezi minne na nusu baadaye. Klein akawa amemtangulia, kwa turubai.

Kwa hiyo fundi swali langu kwako: wewe utachora lipi? Lami au turubai? Maana kama unasema jambo ni ukemi, basi wale walioshika turubai ndio judo yenyewe. Judo huchezi peke yako.

MzeeWaSalio #8

Dada kamaliza uzi. Fungeni.

FundiBrashi #9

Haufungwi. Dada, swali lako limeninyima usingizi, nitarudi nalo.

PwaniNaWino #10

Nimesubiri mtu aseme Japani kwenyewe kulikuwa na nini, naona mmeng'ang'ana na Mfaransa.

Mwaka 1954, mji wa Ashiya, mfanyabiashara wa mafuta ya kula anayeitwa Yoshihara Jiro, mchoraji pia, alikusanya vijana akawaambia kitu kimoja: fanyeni ambacho hakijafanywa. Kikundi kikaitwa Gutai. Vita imeisha miaka tisa nyuma, miji imeungua, hawa vijana wamekulia kwenye kuimba na kupiga saluti. Ghafla mtu anawaambia hakuna amri.

Murakami Saburo alikaza karatasi za kaki kwenye fremu kubwa, zile za kufungia vifurushi, moja baada ya nyingine, kisha akakimbia akazipasua na mwili wake mpaka akatokea upande wa pili. Kilichobaki ni matundu. Shiraga Kazuo ndiye hasa nilitaka kumleta hapa. Oktoba 1955, Tokyo, uwanja wa jengo la maonyesho, kavaa bukta tu, kajitupa kwenye rundo la udongo wa kukandikia kuta uliochanganywa na saruji. Akapigana nao. Anakunja, anasukuma, anabingirika, ametoka na michubuko. Udongo ulivyobaki, na mashimo ya magoti na viwiko, ndiyo kazi yenyewe. Na ndani ya nyumba alikuwa na mtindo wake: kamba imefungwa darini, anaishika kwa mikono, kanvasi imelala chini, rangi imerundikwa juu yake, anachora kwa miguu. Anateleza, anageuka, kisigino kinachimba. Ukiona picha zake karibu, rangi imenenepa kama ugali uliokatwa na mwiko, na unaiona kabisa njia ya dole gumba.

Huyo hakwenda kusoma utupu popote. Alitafuta namna ya kuuvua mkono wake ustadi aliofundishwa, maana alisomea uchoraji wa jadi Kyoto na mkono ulikuwa umeshazoea uzuri. Mguu haukuwa umesoma. Mwaka 1971 ndipo alipopanda mlima Hiei, hekalu la Enryaku-ji, akawa mtawa. Na si wa Zen! Ni Tendai, madhehebu mengine ya Kibuddha. Miaka kumi na saba baada ya kuanza kuchora kwa miguu.

Zen ya kweli ukiitaka kwenye Gutai utaikuta kwa bosi. Yoshihara aliyapenda mno maandishi ya mtawa wa Zen aitwaye Nantenbo (1839–1925), yaliyokuwa hekalu la Kaisei-ji, Nishinomiya, jirani tu. Wino mzito, matone yameruka kila upande, brashi imeburuzwa mpaka ikakauka. Miaka ya 1960 Yoshihara akaanza kuchora duara. Duara tu. Watawa wa Zen duara hulipiga mara moja kwa wino, likipinda limepinda. Ila Yoshihara alitumia rangi za mafuta na za akriliki, na mengine ukiyatazama kwa karibu unaona kingo zimetengenezwa taratibu, zimerudiwa. Mimi hilo nalipenda kuliko duara la mpigo mmoja. Alikufa 1972 na Gutai ikafa naye.

Kitu kidogo: majarida ya Gutai yalikutwa kwenye maktaba ya Jackson Pollock, Mmarekani wa kumwaga rangi, alipofariki 1956.

KinandaKimya #11

Naongeza upande wa muziki halafu naondoka. John Cage, mtunzi wa Marekani, alikaa kwenye darasa la huyo Suzuki aliyetajwa juu, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alisimulia kwamba siku za joto madirisha yalikuwa wazi, ndege zikipita zinameza sauti ya mzee. Mzee hakupaza sauti wala hakurudia kilichopotea. Alisema hivyohivyo, ndege ikapita, akaendelea. Nani aulize.

Tarehe 29 Agosti 1952, Woodstock, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya kinanda dakika nne na sekunde thelathini na tatu bila kugusa hata ufunguo mmoja. Anafunga kifuniko, anafungua, sehemu tatu. Ukumbi ulikuwa wa mbao katikati ya msitu, nyuma uko wazi, upepo na mvua vinaingia. Watu walikasirika. Mimi nakaa Kipawa, ndege zinanipitia paani, kwa hiyo yule mzee namwelewa kuliko nyie wote.

Na Cage aliandika wazi kwamba asingependa Zen ilaumiwe kwa anayoyafanya yeye, ingawa bila Zen huenda asingeyafanya. Naona huyo kamjibu bosi wa gym muda mrefu.

BibiWaBuluu #12

Wajukuu, nimeusoma uzi wote nikiwa nimevaa miwani miwili. Ninauliza hiyo buluu. Nimeitafuta picha yake nikaona, mbona ni ile buluu yetu ya kufulia? Tulikuwa tunaifunga kwenye kitambaa, unaichovya kwenye beseni, mashati meupe ya shule yanatoka yanang'aa. Mikono inabaki buluu mpaka kesho.

FundiBrashi #13

Shikamoo bibi. Umepatia, na hujui umepatia kiasi gani. Unga ni uleule, altramarini ya kiwandani. Wa kufulia ulikuwa huohuo umechanganywa na vitu vingine ukabanwa vipande.

Shida ni hii, na kila fundi wa rangi anaijua. Rangi ya unga ikiwa kavu kwenye sahani inawaka. Ukiitia mafuta ili ishike ukutani, inazama, inakuwa nzito, inang'aa kama sufuria. Ule unga uliokushika moyo umeshakufa. Klein alikerwa na hilo. Akaenda kwa muuza rangi wa Montparnasse, Édouard Adam, wakatafuta gundi isiyoua unga. Waliyoipata ni utomvu wa kiwandani unaoitwa Rhodopas M60A, unaozimuliwa kwa spiriti. Ukikauka, gundi inajificha, punje za unga zinabaki kama zimenyunyiziwa sasa hivi. Unatamani kugusa, na ukigusa umeharibu. Tarehe 19 Mei 1960 aliiandikisha serikalini kwa bahasha ya kuthibitisha tarehe. Watu husema aliipatia hataza, si kweli, ilikuwa bahasha tu ya kusema "mimi nilikuwa nayo siku hii."

Hapa sioni Zen wala judo. Naona ufundi.

DadaLenzi #14

Na mbona hamgusi wanawake? Tarehe 9 Machi 1960, Paris, Klein kavaa suti ya sherehe na tai nyeupe ya kipepeo, wanamuziki tisa wanapiga noti MOJA dakika ishirini, kisha kimya dakika ishirini. Wasichana watatu uchi wanajipaka buluu na kujibandika kwenye karatasi, yeye anaelekeza kwa mkono, hata tone halimgusi. Aliwaita brashi hai. Shiraga aliingia matopeni mwenyewe. Huyu kasimama pembeni na tai yake. Mtu wa mkeka gani asiyetoka jasho?

FundiBrashi #15

Sina utetezi wa tai. Nina jambo moja tu la kuongeza. Pale tunapofanyia mazoezi mikeka ni ya zamani, imefunikwa turubai. Joto la Februari, umemwangusha mtu, akiinuka mgongo wake umebaki pale: mabega mawili, mfereji wa uti, kofi la mkono pembeni. Dakika moja, umekauka. Mara ya kwanza kuziona karatasi za Klein, mapaja na matumbo ya buluu, nilisema hii nimeshaiona. Aliyetumia miaka kama tisa akitazama migongo mkekani, siku moja angewaza kuishika isikauke. Kwamba alipoishika aliwatuma wengine badala ya kulala mwenyewe, hapo dada umeshinda.

ChimbaChimbua #16

Naafiki. Sasa ukuta umefikia wapi?

FundiBrashi #17

Mrejesho, wakuu.

Nilipiga miraba ukuta mzima, nikaanza na uso wa Klein, maana uso ukikosea kazi yote imekosea. Nimemchora juu kabisa, karibu na dari. Mtu wa baiskeli nimemweka. Lami nayo nikaishusha mpaka chini, ila nimeikata futi moja kabla ya sakafu. Pale ilipoishia ndipo mikeka ya gym inapoanza. Wakifanya mazoezi, wao ndio walioshika turubai. Dada, hilo ndilo jibu langu.

Neno ZEN bosi kakubali liondoke baada ya kumsomea uzi huu karibu wote, nadhani alichoka tu. Akasema lakini lazima pawe na maandishi ya Kijapani, ukuta haujakaa kimapigano. Nikamkumbuka Senpai. 空. Mipigo minane. Nimeifanyia mazoezi kwenye magazeti ya zamani siku mbili, Senpai ananisahihisha kwa simu: "mguu wa kushoto umeusimamisha mno, huo unatembea." Jana saa tano asubuhi nikabana pumzi nikaiweka ukutani, nyeusi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

Bosi kaja kukagua. Kasimama muda. Kauliza imeandikwa nini. Kwa ukweli wangu nikasema inasomeka "tupu".

"Tupu? Unaniandikia gym tupu? Nani ataingia?"

Nikamwambia bosi, au anga. Inasomeka anga pia. Akaitazama tena, akatazama juu kwa yule Mfaransa, akasema sawa, anga hiyo nimeielewa.

SenpaiTabata #18

Weka picha basi.

MzeeWaSalio #19

Picha baadaye. Salio kakulipa?

FundiBrashi #20

空